Bendi ya Wafanyakazi na Wasikilizaji wa Buha

Mwalimu akiwauliza wanafunzi wake wa Kasulu au Kibondo maana ya neno msondo, wengi watamjibu kwamba ni muziki wa magitaa, tarumbeta na saksafoni uliokuwa ukipendwa na wazazi wao. Akiuliza swali hilohilo Kisarawe au Bagamoyo, atapata jibu jingine kabisa: msondo ni ngoma ndefu, ya kusimama, iliyowambwa ngozi upande mmoja, ipigwayo katika mambo ya unyago. Majibu yote mawili ni sahihi. Tofauti iliyopo kati yao ndiyo inayotupa sababu ya kuandika insha hii, maana ndani yake imo historia ambayo bendi yenyewe, katika kujisimulia kwake, haijapata kuieleza yote.

Bendi tunayoizungumzia ilianzishwa mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz. Baadaye iliitwa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na mwishowe Msondo Ngoma. Katika nchi ambamo bendi nyingi huzaliwa na kufa kabla magitaa hayajachakaa, hii imekwisha kupita nusu karne. Wanamuziki wake huipa jina la Baba ya Muziki. Nasi hatuna sababu ya kuwanyang'anya jina hilo, ingawa wajuzi watakumbusha kwamba Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz na Cuban Marimba zilitangulia.

Masimulizi ya wanamuziki wenyewe, tuliyoyasikia mara nyingi redioni na kuyasoma magazetini, hufuata njia moja. Huanza na chama cha wafanyakazi kilichonunua vyombo. Hufuata majina ya waimbaji na wapigaji, nani alitoka bendi gani, nani alihama na nani alirudi. Hufuata ushindani na mahasimu wao wa Sikinde. Humalizika kwa malalamiko ya umaskini. Ni historia ya kweli. Lakini ni historia ya Dar es Salaam, tena ya kumbi chache za Dar es Salaam. Msikilizaji wa mikoani haonekani ndani yake, kana kwamba muziki ulipigwa ukaishia pale jukwaani. Hoja yetu ni kwamba watu wa nyanda za juu za Kigoma walikuwamo katika habari hii tangu mwanzo, na walikuwamo kwa njia mbili: kwa jasho lao lililosaidia kuilipia bendi, na kwa masikio yao yaliyoifanya iwe ya taifa.

Tuanze na jasho. Buha ya wakati wa ukoloni ilikuwa na tawala zake, zikiwamo Heru katika nchi ya Kasulu, na Muhambwe na Buyungu upande wa Kibondo. Kama ilivyokuwa kwa majirani zao wa Maziwa Makuu, huko ngoma haikuwa chombo cha starehe tu bali ilikuwa pia alama ya utawala. Serikali ya kikoloni haikuona huko zao kubwa la kuuza ng'ambo. Ilichokiona ni watu. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha haikupatikana karibu; kwa hiyo mtu wa Kasulu au Kibondo alilazimika kuifuata mbali, akaifuata katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na Buha ikawa moja ya sehemu zilizotoa watu wengi. Waliandikishwa, wakapewa namba, na kutokana na namba hizo wakaitwa manamba. Walisafirishwa hadi kwenye reli ya kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, wakapelekwa mashariki kwa safari ya siku nyingi mpaka kambi ya Korogwe, na kutoka huko wakagawanywa mashambani.

Wanafunzi husoma habari za manamba katika somo la historia kama habari ya uchumi: mishahara duni, kipande cha siku 30 ambacho kisipokamilika mtu halipwi, majani yenye miiba ya kuchoma. Ni sawa. Lakini mtu hafanyi kazi saa zote 24. Huko Tanga na Morogoro ndiko Mha wa Kibondo alikokutana kwa mara ya kwanza na muziki wa dansi. Morogoro ya miaka ya 1950 ilikuwa mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba yake. Tanga nayo ilikuja kuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Pesa za mkonge, ambazo ndizo zilizoilisha miji hiyo, zilizilisha pia kumbi zake. Aliyetoka kwao akijua inanga na ikembe alikuta hapo gitaa la umeme, na zaidi ya hayo alikuta Kiswahili. Nyimbo hizo hazikuwa za kabila lolote kati ya makabila yaliyojaa kambini. Mha, Mbena, Mmakonde na Mnyamwezi walizielewa kwa kiasi kilekile, au tuseme walijifunza kuzielewa pamoja.

Mashambani humohumo ndimo walimojifunza umoja wa wafanyakazi. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilianzishwa mwaka 1955 Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake, na mwishoni mwa miaka hiyo wakata mkonge walikuwa miongoni mwa wafanyakazi waliogoma kwa ushupavu mkubwa. Uhuru ulipopatikana, vyama vilitaka kubaki huru dhidi ya serikali, na serikali haikupendezwa. Maasi ya askari ya Januari 1964, yaliyoanzia kambi ya Colito na kufika Tabora, yalitoa nafasi. Baadhi ya viongozi wa wafanyakazi walikamatwa, TFL ikavunjwa, na sheria ikaunda chama kimoja tu, NUTA, chini ya Michael Kamaliza aliyekuwa pia waziri wa kazi. Ada ya chama ilikatwa katika mshahara kabla haujamfikia mwenyewe. Kwa hiyo mkata mkonge wa Kihaya, wa Kiha au wa Kibena, apende asipende, alikuwa mlipaji wa NUTA.

Fedha hizo ndizo zilizoanzisha bendi. Jambo hili lastahili kutiliwa mkazo, kwani wanaosimulia hulipita haraka. Bendi za zamani zilikuwa klabu za vijana waliochanga senti zao, au mali ya mtu mmoja mwenye vyombo. NUTA Jazz ilikuwa kitu kipya: vyombo ni vya chama, mpigaji ni mwajiriwa, mshahara ni wa kila mwezi. Muhiddin Maalim Gurumo, kijana wa Masaki katika wilaya ya Kisarawe, alijiunga tangu mwaka huo wa mwanzo akitoka Kilwa Jazz. Mfano ulipendeza, ukaigwa. Polisi, Jeshi la Kujenga Taifa, Magereza, umoja wa vijana, kiwanda cha nguo cha Urafiki, shirika la bima na hata shirika la mabasi ya Dar es Salaam, kila moja lilikuja kuwa na bendi yake. Mgeni angeweza kudhani kwamba kila idara ya nchi hii ilikuwa ikitunza hesabu asubuhi na kupiga rumba usiku.

Kwa kuwa mwenye bendi alikuwa chama, na chama kilikuwa mkono wa TANU, nyimbo nyingi za mwanzo zilihimiza kazi, zikasifu Azimio la Arusha la 1967 na kuwaelimisha wanachama. Wako wanaozidharau leo kwa sababu hiyo. Mimi siwaungi mkono kabisa, wala siwapingi kabisa. Ni kweli kwamba bendi ya wafanyakazi haikuweza kuimba kuhusu mgomo, na ukimya huo nao ni sehemu ya historia yake. Lakini papo hapo waimbaji walitunga nyimbo za ndoa, wivu, deni, ulevi na msiba, na hizo ndizo zilizoishi. Mtunzi aliyejua kwamba wimbo wake utapimwa na kamati ya redio kabla ya kurekodiwa alijifunza kusema mengi kwa maneno yasiyo na lawama. Ustadi huo wa fumbo ulikuwako katika utenzi na taarabu muda mrefu kabla ya NUTA.

Sasa tuje kwenye masikio. Mtu wa Kasulu hakuwa na njia ya kwenda ukumbini Dar es Salaam. Bei ya mkonge ilipoanguka katikati ya miaka ya 1960, kuajiri vibarua kutoka mbali kukakoma. Wengi walirudi na wengine wakabaki Tanga na Morogoro moja kwa moja. Waliorudi walileta alichoweza kuleta manamba: nguo, blanketi, baiskeli kwa aliyejinyima sana, na katika miaka ya mwisho redio ya betri. Kwa kupitia redio hiyo NUTA Jazz iliwafuata nyumbani.

Sauti ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 1951 ilikuwa imekua kuwa shirika la utangazaji, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Studio zake ndizo zilizokuwa karibu mahali pekee pa kurekodia muziki nchini. Hatukuwa na kiwanda cha kufyatulia sahani za santuri. Sahani zilitengenezwa Nairobi, na mpaka na Kenya ulipofungwa Februari 1977 hata njia hiyo ikawa ngumu. Katika miaka hiyohiyo redio ilikuwa imeamua kupiga muziki wa nyumbani na kuupunguza sana ule wa kigeni. Hivyo mambo mawili yalikutana: bendi haikuwa na njia nyingine ya kuwafikia watu ila redio, na redio haikuwa na kitu kingine cha kujazia saa zake ila bendi. Vipindi kama Misakato na Klabu Raha Leo Shoo viliwafanya watu wa Kibondo wawatambue waimbaji kwa sauti, wakati hawakuwahi kuona sura zao hata kwenye picha.

Jambo hili lina uzito zaidi Kigoma kuliko mahali pengi. Kiha ni ndugu wa karibu wa Kirundi, na mtu wa Kasulu au Kibondo akizungusha kisu cha redio yake usiku alizipata Bujumbura na Kigali bila taabu, akasikia lugha iliyo karibu sana na ya mama yake. Magitaa ya Kongo nayo yalivuka ziwa bila kuomba kibali. Kwa kawaida ya masikio, Dar es Salaam ilikuwa mbali kuliko zote, na sauti yake ilikuja ikipanda na kushuka. Hata hivyo watu walisogeza sikio karibu. Hawakulazimishwa na mtu. Walikuwa wakiitafuta lugha waliyoileta kutoka mkonge na waliyofundishiwa shuleni, ikiimbwa na watu wanaoijua vizuri. Tunazoea kusema kwamba Kiswahili kilienezwa na shule, chama na jeshi. Tuongeze na gitaa.

Kisha ikaja Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, ambapo watu waliokuwa wakikaa kwa kutawanyika vilimani walihamishiwa katika vijiji. Machungu ya uhamisho huo yanajulikana: nyumba zilizoachwa, mashamba na migomba iliyoachwa. Kwa habari yetu, matokeo yake mojawapo ni kwamba redio moja sasa ilisikiwa na kaya nyingi. Mwaka uliofuata ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo vikundi vyake vya kusikiliza viliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili nchi nzima mbele ya redio. Walifundishwa kuchimba vyoo na kujikinga na malaria. Somo likiisha, redio haikuzimwa mara moja. Walioishi vijijini wakati huo wanakumbuka betri zilizoanikwa juani ili zipate nguvu ya jioni moja zaidi, na ugomvi wa wakubwa na watoto juu ya nani amemaliza betri kwa nyimbo kabla ya taarifa ya habari.

Wakati Buha ikisikiliza hivyo, bendi yenyewe ilikuwa ikibadilika. Mwaka 1973 alijiunga Said Mabera, mpiga gitaa la solo ambaye hakuhama tena wakati wenzake wakihama kila siku, na katika kipindi hicho sauti ya Hassani Bitchuka ikaanza kusikika pamoja na ile ya Gurumo. Baada ya TANU na Afro-Shirazi kuungana mwaka 1977 na kuwa CCM, NUTA iligeuzwa mwaka 1978 kuwa JUWATA, na bendi ikabadilishiwa jina bila kuulizwa. Mwaka huohuo Gurumo na Bitchuka waliondoka kwenda bendi mpya ya Mlimani Park, iliyokuwa chini ya kampuni ya umma ya teksi na usafirishaji na kuongozwa na Abel Balthazar. Kampuni hiyo ilipoanguka, bendi ilichukuliwa mwaka 1983 na shirika la maendeleo la jiji, DDC.

Bendi hizo mbili zikajipambanua kwa majina ya mitindo: JUWATA walikuwa Msondo, Mlimani wakawa Sikinde. Yote mawili ni majina ya ngoma za Wazaramo. Hapa ndipo tunaporudi kwenye lile swali la darasani. Kwa mtu wa pwani, jina hilo lilikuwa na utani ndani yake, kwani lilileta chombo cha unyago mbele ya maikrofoni. Kwa mtu wa Kibondo lilikuwa jina tupu, lisilo na unyago wala Uzaramo, naye akalijaza kwa kile alichokisikia. Nyumba zikagawanyika, baba Msondo, mwana Sikinde. Ndiyo maana nasema jibu la wanafunzi wetu si kosa. Wazaramo waliitoa ngoma yao, na watu wengine, kilomita zaidi ya 1,000 kutoka hapo, wakalipa jina lake maana ya pili. Hivyo ndivyo utamaduni wa taifa ulivyotengenezwa kwa kweli, na mara nyingi bila kamati yoyote kukaa.

Miaka iliyofuata nitaipitia upesi. JUWATA iliwapata waimbaji wapya, mkubwa wao akiwa Moshi William, aliyeitwa TX kwa herufi za namba za magari ya wataalamu wa kigeni, kwa sababu mashabiki walimwona kuwa mtaalamu. Mwaka 1991, siasa za vyama vingi zikiwa zinakaribia, JUWATA ilivunjwa na OTTU ikashika nafasi yake. Mashirika ya umma yakafilisika au yakauzwa, na bendi zake nyingi zikafa nayo. Hii haikufa. Gurumo alikuwa amerudi. Vyama vya wafanyakazi vilipogawanyika tena na kuacha kuitunza, wanamuziki walibaki na vyombo na jina walilojipa wenyewe, Msondo Ngoma. Moshi William alifariki mwaka 2006, na bendi ikaendelea.

Lakini malipo yalikuwa wapi? Redio ilimlipa mwanamuziki mara moja, kidogo, siku ya kurekodi, na baada ya hapo wimbo ulipigwa miaka na miaka. Kanda zilipoenea, nyimbo za redio zilinakiliwa na kuuzwa masokoni, nasi sote tulinunua. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1966 ilikuwapo kwenye karatasi; ile ya mwaka 1999, iliyoleta chama cha hakimiliki COSOTA, ilikuja wakati wengi waliozitunga nyimbo hizo wamezeeka au wamekufa. Hapa hesabu ya Buha na bendi inageuka. Katika miaka ya 1960 mkata mkonge aliilipia bendi kwa ada iliyokatwa bila hiari yake. Katika miaka ya 1980 na baadaye watoto wake waliifurahia bendi hiyo bila kumlipa mwimbaji hata senti. Sijui kama deni la kwanza laweza kulifuta la pili; lakini lazima yaandikwe katika daftari moja, na masimulizi ya bendi hadi sasa yana ukurasa mmoja tu.

Ukurasa wa pili uko mikononi mwa wazee wa Kasulu na Kibondo, na wa wilaya za Buhigwe na Kakonko zilizomegwa kutoka humo mwaka 2012. Waliokata mkonge kabla ya 1964 sasa ni wachache sana. Mkanda wa sauti wa Radio Tanzania, ambayo leo ni sehemu ya TBC, ukiharibika katika maktaba ya Dar es Salaam, pengine kuna nakala yake mahali. Mzee anayekumbuka ni usiku gani, katika kambi gani ya Tanga, alisikia gitaa la umeme kwa mara ya kwanza, hana nakala. Mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye daftari na likizo ya mwezi mmoja aweza kufanya hapa kazi ambayo wataalamu wa muziki waliotoka Ulaya na Marekani hawakuifanya, kwa sababu walikwenda kuwauliza wapigaji.

Mwaka 2012 wasanii wa kizazi kipya wenye asili ya Kigoma, miongoni mwao Ali Kiba na Diamond Platnumz, walikusanyika na kurekodi wimbo wa pamoja walioupa jina la Kiha, Leka Dutigite. Mwaka uliofuata Gurumo alitangaza kustaafu baada ya miaka zaidi ya 50 ya muziki, akasema mbele ya waandishi wa habari kwamba katika miaka yote hiyo hakupata kumiliki hata baiskeli. Diamond aliposikia hayo alimnunulia gari. Muhiddin Maalim Gurumo alifariki tarehe 13 Aprili 2014, akazikwa kwao Masaki, Kisarawe.